Upepo wa kusi haulipi deni

Juzi tena. Kikundi cha watu watano kutoka bara wameniandikia wanataka niwaongoze kwa baiskeli kutoka Malindi hadi Marereni na kurudi siku hiyo hiyo, mwezi wa Julai, na mizigo yote kwenye keria kwa sababu wanajizoeza safari ndefu. Nikawaomba tubadilishe njia. Jibu likaja lile lile ninalolisikia tangu nianze kazi hii: "Kaka, upepo usikutie wasiwasi. Utatusukuma kwenda, utatuzuia kurudi, zinatoka sare. Na huko si tambarare?"

Hazitoki sare. Nimelieleza hili mara nyingi mno kando ya barabara, mbele ya mtu aliyekaa chini hataki tena kuiona baiskeli yake. Leo naliandika lote.

La tambarare nitalimaliza upesi. Ukishavuka daraja la Sabaki, barabara inapita Mambrui na Gongoni hadi Marereni, kama kilomita 40 kutoka Malindi, na nchi imelala chini karibu sawa na bahari. Kuna mabwawa ya kuvunia chumvi, kuna vichaka vifupi, na miti ya kukinga upepo ni ya kuhesabu. Mlima una kilele, ukifika unapumua. Upepo wa kusi wa Julai hauna pa kufika. Na kwa kuwa barabara hiyo inakwenda karibu kaskazini tupu, ukigeuza usukani Marereni unakutana nao uso kwa uso hadi nyumbani.

Sasa hesabu. Chukua mtu mwenye mzigo ambaye siku ya shwari anakwenda kilomita 20 kwa saa bila kujitesa. Kilomita 80 atazimaliza kwa saa nne. Mletee upepo wa kilomita 15 kwa saa, ukipimwa pale kifuani pake, na nguvu za miguu ziwe zile zile. Kwenda atakimbia kama 28 kwa saa, kilomita 40 zitakwisha kwa dakika 86. Kurudi atashuka hadi kama 13, na kilomita 40 hizo hizo zitamla dakika 185. Jumla, saa nne na nusu. Watu hujumlisha 28 na 13, wakagawa kwa mbili, wakapata 20 na nusu, wakafurahi. Wamesahau kwamba ule mwendo wa 28 wameuonja kwa saa moja na ushei, na ule wa 13 wamekaa nao kwa saa tatu. Upepo mzuri unaupita mbio. Mbaya unashinda nao.

Tena hapo nimechukulia mtu mwenye nidhamu, asiyeongeza nguvu. Wengi hawakubali kuona mwendo umeshuka hadi 13. Wanakaza wapate 20 yao ya kawaida, na hapo ndipo wanapoisha, maana kani ya hewa hukua kwa mraba wa kasi unayokutana nayo. Ukienda 20 dhidi ya upepo wa 20, hewa inakupiga kwa 40, na kazi ya kuipasua imekuwa mara nne, si mara mbili. Shusha gia mapema, zungusha miguu kwa wepesi ule ule, inama kidogo, na usiitazame saa.

Jambo linalonikera kuliko yote ni upepo wa ubavuni. Hata waendeshaji wazoefu huniambia kwamba upepo ukitoka pembeni kabisa hauongezi wala haupunguzi. Si kweli. Ukienda 20 na upepo wa 20 ukikujia kwa pembe mraba, hewa unayokutana nayo haina kasi ya 20 tena; ina kasi ya kama 28, nayo inatoka mbele kwa mshazari. Ukiigawa kani hiyo, sehemu inayokuvuta nyuma imeongezeka kwa kama asilimia 41. Hata ukitoka nyuma kidogo ya bega bado unakula nguvu zako. Kwa hiyo ukichora duara la pande zote ambazo upepo unaweza kutoka, pande zinazokuumiza ni nyingi kuliko zinazokusaidia. Nahodha wa jahazi anaweza kuupenda upepo wa ubavuni, na ule wa mbele akaubisha kwa tanga lake. Baiskeli haina tanga. Ina mabegi, na mabegi makubwa ubavuni ni ukuta.

Nakiri hesabu yangu imeuchukulia mwili kama mpira, unaokutana na upepo sawasawa kila upande, na mtu aliyepanda baiskeli si mpira. Ile 41 isomwe kama dira, si kipimo cha mizani. Lakini kwamba upepo wa pembeni unazuia, hilo sina shaka nalo. Nimelipima kwa mapaja yangu.

Kisha kuna malori. Tunaendesha kushoto. Ukielekea kaskazini, bahari iko kulia, na upepo ukija kwa mshazari kutoka baharini unakusukuma pembeni, nje ya lami. Umejiegemeza kwake, lori la chumvi linakupita, linaukata ghafla, nawe kwa ule mwegemeo unavutwa kuelekea magurudumu yake. Likishapita, upepo unakurudia kwa kofi. Ukielekea kusini ni kinyume: bahari iko kushoto, na kila dharuba inakutupa katikati ya barabara. Kwa sababu hiyo tu, jioni ya kusi siwaongozi watu kuelekea kusini, hata wawe na miguu ya chuma. Kwenye daraja la Kilifi, juu ya mkono wa bahari, huwaambia washike usukani kwa mikono miwili na wasinywe maji hadi tuvuke.

Mtu ataniambia, "Si tufuatane, mmoja amkinge mwenzake?" Upepo ukiwa wa mbele, sawa, msaada ni mkubwa. Ukiwa wa mshazari, kinga haiko nyuma ya mwenzako, iko nyuma yake upande wa demani, kama wasemavyo mabaharia, yaani upande ule upepo unakoelekea. Mkielekea kusini, demani ni kulia, yaani njia ya magari. Sitamweka mtu pale.

Na utabiri mnaoutazama kwenye simu ni wa upepo wa mita 10 juu ya ardhi mahali pa wazi. Kwenye minazi ya Kikambala utaukuta umepungua sana kimo cha kichwa chako. Kwenye mabwawa ya chumvi haupungui kiasi hicho. Namba moja, siku mbili tofauti kabisa.

Ushauri wangu mwenyewe nao una ufa. Husema: ondokeni saa kumi na mbili asubuhi, wakati umande, ule upepo wa nchi kavu, bado unaupunguza upepo wa bahari nguvu, na kipande kigumu kimalizwe kabla ya saa nne. Siku nyingi inakuwa hivyo. Lakini nimeshaamka alfajiri ya Julai nikaukuta umevuma usiku kucha, na watu waliokatiza usingizi kwa neno langu wakanitazama.

Ninachokiamini bila kusita ni msimu. Kusi, tuseme kutoka Aprili hadi karibu Oktoba, nenda kaskazini. Kaskazi, kutoka Desemba hadi Machi, nenda kusini. Majahazi ya Oman na Ghuba yalikuja kwetu na kaskazi na kurudi na kusi, yakisubiri miezi kati ya safari mbili, na wale walikuwa na matanga. Wewe huna haja ya kusubiri miezi, kuna basi.

Wale watano nimewajibu hivyo. Tuanzie Mombasa alfajiri, tulale Kilifi, kesho yake tumalizie Malindi na kusi mgongoni. Baiskeli zirudi kwa basi, kila moja inalipiwa kama mzigo. Wakiing'ang'ania Marereni, basi twende kwa baiskeli na kurudi kwa gari. Kwenda na kurudi kwa baiskeli, mwezi wa Julai, watafute mtu mwingine.