Mfungo wa Mkristo: yanayosemwa na yaliyo kweli

Jumatano ya Majivu, mwanzo wa Kwaresima, yaani mfungo wa kabla ya Pasaka, inapokaribia, sisi Wakristo wa Kampala tunaozungumza Kiswahili, ambao wengi wetu tunaishi ukuta kwa ukuta na Waislamu kama ilivyo kule Kibuli, husikia tena kwamba saumu ni ya Ramadhani na kwamba Mkristo anayefunga anamwiga jirani yake. Sivyo. Didake, mwongozo wa kale wa Kikristo ambao wataalamu wengi huuweka mwishoni mwa karne ya 1 au mwanzoni mwa karne ya 2, unawaagiza waumini kufunga Jumatano na Ijumaa, na kanuni ya 5 ya Mtaguso wa Nisea, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 325, inaitaja Kwaresima kama jambo ambalo watu wameshalizoea. Kanisa la Orthodoksi, lenye kanisa kuu lake hapa Uganda huko Namungoona, lingali linazishika siku hizo mbili.

Wengine hudhani kwamba asiyekaa bila kula wala kunywa kutwa nzima hajafunga. Esta na watu wake walifunga hivyo siku tatu, ni kweli, lakini Danieli aliomboleza majuma matatu kwa kuacha chakula kitamu, nyama na divai tu. Sheria ya Kanisa Katoliki inamtaka mtu mzima, tangu miaka 18 hadi anapotimiza 59, afunge Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, naye huruhusiwa mlo mmoja kamili na vyakula viwili vidogo. Waorthodoksi huacha nyama, maziwa na mayai, na mara nyingi samaki na mafuta pia, kwa hiyo sahani ya matoke na maharage yaliyochemshwa haivunji mfungo wao. Nami huona huzuni ninapomwona Mkatoliki akikwepa nyama siku ya Ijumaa, kisha akaenda soko la Ggaba kujinunulia samaki wa bei kubwa kuliko nyama yenyewe: sheria ameitimiza, lakini hakuna alichojinyima.

Kuhusu dawa sitasema mengi. Kumeza vidonge vya kisukari, vya shinikizo la damu au vya ARV si kuvunja saumu, na hata mfungo wa saa moja kabla ya Komunyo hauhesabu maji wala dawa. Mjamzito, anayenyonyesha na mgonjwa hawadaiwi njaa, na atakayewaambia vinginevyo anahatarisha uhai ambao si wake.

Hatari hiyo huongezeka pale watu wanapoamini kwamba siku zikizidi, utakatifu nao huzidi. Yesu alifunga siku 40, lakini hakuwawekea wanafunzi wake idadi yoyote. Alisema tu "mfungapo", kisha akawataka wapake kichwa mafuta na kunawa uso ili watu wasijue. Tuliona kwa majirani zetu Wakenya mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, miili zaidi ya 400 ikifukuliwa baada ya watu kufundishwa kwamba kufa njaa kungewafikisha kwa Kristo. Ule haukuwa mfungo.

Dhana iliyoenea kuliko zote, nayo ndiyo inayoniuma zaidi, ni kwamba njaa ni malipo. Watu hupanda milima ya maombi wakiwa na orodha ya viza, mume na kiwanja, wakaambiwa kwamba siku 3 kavu, bila chakula wala maji, zitafungua hiki na siku 7 zitafungua kile, na jibu lisipokuja hulaumiwa kwamba hawakufunga vya kutosha. Lalamiko hilo limo katika Isaya 58, ambako watu wanamwuliza Mungu: "Mbona tumefunga, lakini huoni?" Jibu wanalopewa halizungumzii siku wala saa. Wanaambiwa kwamba siku ile ile ya mfungo wao wanawalemea wafanyakazi wao, na kwamba saumu anayoichagua Bwana ni kufungua vifungo vya uovu, kumgawia mwenye njaa chakula, kumkaribisha nyumbani asiye na makao na kumvika aliye uchi. Kwa hiyo posho, yaani ugali, na maharage ambayo hatukuyala Ijumaa yana mwenyewe, naye huenda anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Na mama anayeshuka mlimani akiwa amefunga siku 7, huku msichana anayemlelea watoto akimdai mshahara wa miezi miwili, anaweza kuanza kwa kumlipa jioni hiyo hiyo, kabla hajapika uji wa kufungulia.