Acheni Kutafuna Tangawizi: Sauti Nzito Siyo Utangazaji

Wiki iliyopita kijana mmoja aliingia darasani na kipande cha tangawizi shavuni. "Shikamoo mwalimu." Marahaba. Hata kiti hajavuta, akaniuliza lile swali ninaloulizwa na kila kundi tangu nilipoacha kusoma habari na kuanza kufundisha wanaosoma: "Mwalimu, nifanyeje nipate sauti ya redio?"

Nikamwekea maiki na karatasi ya habari ya uchaguzi wa udiwani. Mstari wa kwanza alinguruma kama lori la mchanga linapanda mlima. Wa pili vilevile. Wa tatu ngurumo ikaanza kukatika, na wa nne pumzi ikamwishia katikati ya jina la kata, akameza mate hewani. Na katika habari nzima wananchi walikuwa "wamepiga kula". Mara tatu. Alipomaliza aliniuliza kama besi ilitosha.

Nimechoka jamani. Ngoja niyaandike niliyokuwa nayasema kwa mdomo, anayekuja na swali hili nimpe asome.

Dhana ni kwamba mtangazaji lazima awe na sauti nzito, na asiyejaliwa anaweza kuitengeneza kwa tangawizi, asali, mayai mabichi, au kwa kuongea na tumbo chini ya bafu la maji baridi (hili la bafu nimelisikia mwaka huu, sijui limetokea wapi).

Tuanze na tangawizi. Nyuzi za sauti ziko ndani ya zoloto, juu ya bomba la hewa. Chakula kinapita nyuma yake, kwenye umio, na kila unapomeza zoloto linajifunga ili kisiingie. Yai lako bichi halizigusi nyuzi hata kidogo. Siku kitu ulichomeza kikifika pale utajua tu, kwa sababu utakuwa umepaliwa na macho yamekutoka. Asali inalainisha koo la juu, chai ya tangawizi inapendeza asubuhi ya baridi, kunyweni kwa raha zenu. Ila uzito wa sauti unatokana na urefu na unene wa nyuzi hizo. Za mwanaume mzima hutetemeka takribani mara 120 kwa sekunde anapoongea kawaida, za mwanamke karibu mara 200. Ukishabalehe, kipimo chako umekwisha kupewa.

Sasa kwa nini karibu kila mtu anadhani yeye ndiye mwenye sauti nyembamba? Unapoongea unajisikia kwa njia mbili: kupitia hewani, kama wanavyokusikia wengine, na kupitia mifupa ya fuvu lako, ambayo inaongeza besi. Ukijirekodi, ile ya mifupa haipo. Unabaki na sauti ambayo majirani wameizoea miaka yote, wewe peke yako ndiye mgeni wake. Mabinti wengi wanakuja kwangu wamekata tamaa kwa rekodi ya kwanza: "Dada, nasikika kama mtoto." Husikiki kama mtoto. Unasikika kama ulivyosikika jana ulipobishana na konda, na konda alikuelewa vizuri sana.

Kuna na mambo ya mitambo. Maiki nyingi za studio zinapokea sauti ya upande mmoja, na maiki za aina hiyo zina tabia moja: ukizisogelea sana, besi inapanda. Kisha sauti hiyo, kabla haijafika kwenye mnara, inapitishwa kwenye mtambo unaoibana na kuinenepesha. Yule unayemsikia saa kumi na mbili asubuhi kwenye daladala na kudhani ana kifua cha simba, nenda ukakae naye kantini. Utamwomba arudie alichosema.

Madhara je? Anayeishusha sauti kwa nguvu anakaza koo na kubana pumzi. Kipindi cha saa nne, siku tano kwa wiki, na jioni ana harusi ya kushereheshea. Nyuzi zinazogongana hivyo kila siku zinaweza kuota vinundu, na sauti ikaanza kukwaruza na kukatika. Akishaona inakwaruza anaanza kukohoakohoa kusafisha koo, jambo ambalo linazigonga zaidi, kisha ananong'ona akidhani anaipumzisha, na wengi wetu tukinong'ona ndipo tunapokaza koo. Kupumzisha sauti ni kunyamaza. Kunywa maji, lala, nyamaza.

Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji wa Kenya aliyefariki Februari 2025, aliendesha kipindi cha redio cha "Je, Huu ni Ungwana?" kuanzia 1966, enzi za Sauti ya Kenya, na kipindi kikaishi zaidi ya nusu karne. Kwa masikio yangu sauti yake haikuwa ya ngurumo hata siku moja. Ilikuwa laini, ya kutembea, yenye kicheko kilichofichwa nyuma yake. Alikusimulia tabia fulani ya watu, halafu akakuachia swali, nawe unajikuta unamjibu peke yako jikoni. Tarehe 1 Agosti 1982, wanajeshi walioasi walimfuata nyumbani kwake Nairobi wakampeleka studio akatangaze kwamba serikali ya Moi imepinduliwa. Sidhani kama kikosi kizima kilikosa mtu mwenye besi. Walimtaka Mambo kwa sababu Wakenya walikuwa wakimsikia yeye, wanaamini. Mapinduzi yakashindwa, na alikuwa ni yeye tena aliyerudi hewani kutangaza kwamba serikali ya Moi bado ipo madarakani.

Basi badala ya kunitafutia besi, nitafutie matamshi na maana. Mtu akisoma "samani ya nyumba hii ni milioni hamsini", mimi naona makochi ya dhahabu; alitaka kusema thamani. "Kura" na "kula" tumeshaziona. Kiswahili kwa kawaida kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo barabaRA anayoisema kijana wa kunguruma haipo: ile ya Morogoro ni baraBAra, na ukitaka kusema sawasawa ni baRAbara. Anayelazimisha sauti ishuke kila mwisho wa sentensi anaangusha mkazo popote, na kila habari kwake inafanana na tanzia. Nimewahi kusikia mechi ya saa moja usiku ikitangazwa kuwa ya saa saba usiku, kwa sababu habari ilitoka shirika la nje na msomaji alitafsiri tarakimu badala ya saa. Sauti yake ilikuwa nzito ajabu. Sijui wangapi walikaa macho wakisubiri mpira.

Dawa yangu wanafunzi wanaijua na wengine wanaicheka: penseli. Siyo kalamu ya wino, penseli, maana utafuta. Chukua gazeti la leo, habari moja fupi. Isome kimyakimya uielewe. Kisha piga mkwaju (/) mmoja pale utakapovuta pumzi kidogo, miwili pale utakapotua, na pigia mstari neno moja tu katika kila sentensi, lile ambalo likikosekana habari haipo. Halafu isome kwa sauti ukimsomea mtu mmoja unayemjua: mama yako anapokuna nazi, akiwa amekupa mgongo. Mama akigeuka, umesoma vizuri. Dakika 15 kila asubuhi. Yule kijana wa tangawizi nilimpa penseli, akasoma ile habari ya udiwani mara ya pili kwa sauti yake ya kuzaliwa, pumzi ikatosha mpaka mwisho. Kura ziliendelea kuliwa, lakini mara moja tu.

Dhana zilizobaki nazipitia mbiombio.

Eti televisheni ni sura. Sura inakufikisha kwenye majaribio. Baada ya hapo ni mtu anayeweza kuendelea kuongea na mgeni huku mwandaaji anampigia kelele sikioni kwamba zimebaki sekunde 30, na teleprompta, kile kioo cha kusomea maneno, imeganda. Ndiyo maana karatasi zile ziko mezani.

Eti ni kipaji tu, shule ya nini. Sheria ya Huduma za Habari ya Tanzania ya 2016 imeweka bodi ya ithibati ya waandishi wa habari, na Kamati ya Maudhui ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, haimuulizi mtu kipaji chake pale sentensi moja aliyoropoka inapokiletea kituo faini. Wafuasi wa Instagram hawaji kulipa.

Eti watangazaji wana hela. Wana majina. Wengi hela yao iko kwenye ushereheshaji na matangazo, na vijana wanaokaa miezi bila mkataba "wakijengewa jina" ni wengi kuliko mnavyodhani. Omba mkataba kabla hujaomba kipindi.

Eti ukishapata kituo kikubwa umefika. Charles Hilary, Mungu amrehemu, alianzia Radio Tanzania Dar es Salaam, akapita Radio One, akaenda Ujerumani DW, London BBC, akarudi Azam, na mwishoni alikuwa akiisemea Ikulu ya Zanzibar. Kila mahali alianza upya na wasikilizaji wasiomdai wala kumwazima kitu.

Na wewe ambaye sauti imekwaruza zaidi ya wiki tatu na mafua yalishakwisha, usiniletee mimi, wala usimpelekee muuza tangawizi. Kuna daktari wa masikio, pua na koo, ana kamera ya kuziangalia hizo nyuzi. Mimi nina penseli tu.