Bafu Dogo Hupangwa na Bomba la Maji Taka

Wiki hii nimetumiwa tena picha ya bafu la Ulaya, na chini yake ujumbe niliokwisha kuuzoea: “Fundi, nataka hivi hivi, choo tukihamishie upande wa dirishani, ni kusogeza bomba tu.” Bafu lenyewe lina upana wa mita 1.5 na urefu wa mita 2.4, liko ghorofani katika jengo la zamani la Upanga, Dar es Salaam, na bomba kuu la maji taka linashukia kwenye kona iliyo karibu na mlango. Naandika haya ili safari ijayo nitume kiungo badala ya kueleza upya.

Kusogeza bomba la maji safi ni kazi ndogo, kwa sababu maji safi yana presha nyuma yake, hivyo hupanda, hushuka na kukata kona utakavyo. Maji taka hayana kinachoyasukuma isipokuwa uzito wake. Bomba la inchi 4 linalotoka chooni lazima lipewe mteremko, na kipimo tunachotumia wengi wetu ni 1 kwa 40, yaani milimita 25 kwa kila mita moja. Ukihamisha choo kwa mita 2, bomba linashuka milimita 50. Jumlisha kipenyo cha nje cha bomba lenyewe, milimita 110, unapata milimita 160 kabla hujafunga kona iliyo chini ya choo na kabla hujalifunika bomba kwa saruji. Slabu, yaani zege la sakafu ya ghorofa, katika nyumba ya kawaida ya kuishi ina unene wa milimita 150 hivi, tena ndani yake mna nondo zinazoibeba. Bomba litalala wapi? Ama uinue sakafu, uwe unakipanda choo kama jukwaa la harusi, ama utoboe slabu na kulipitisha bomba kwenye dari ya jirani wa chini, ambaye hukumwomba ruhusa na ndiye atakayepata habari za kwanza siku litakapovuja.

Hapo ndipo hutokea mtu akamwambia mteja kwamba mteremko unaweza kupunguzwa “kidogo.” Milimita 10 katika mita 2 ni 1 kwa 200, na kwa choo cha nyumbani huo si mteremko, ni matumaini. Kulikagua jambo hili hakuhitaji utaalamu: chukua pima maji ya sentimita 60, ile rula yenye kiputo cha kuonyesha usawa, ilaze juu ya bomba, kisha weka kipande cha mbao cha milimita 15 chini ya ncha iliyo upande maji yanakoelekea. Kiputo kikikaa katikati, una 1 kwa 40. Kiputo kikikaa katikati bila hicho kipande cha mbao, usiruhusu saruji imwagwe. Rudia kipimo katika kila kipande cha bomba, kwa maana bomba linaweza kuwa na mteremko mzuri mwanzoni na mwishoni huku katikati limelegea, na uchafu hutulia hapo hapo.

Vitabu huongeza onyo la upande wa pili, kwamba mteremko ukizidi ukali maji hukimbia na kuuacha uchafu nyuma. Nalitamka onyo hilo mbele ya wateja kama nilivyofundishwa, lakini sina imani nalo sana. Bomba la wima ndilo lenye mteremko mkali kuliko yote na halilalamikiwi, na mengi ya mabomba yaliyoziba niliyoyafumua yalikuwa yamelegea, au yamefungwa kona moja ya digrii 90 mahali palipotaka mbili za 45, au yamelishwa matambara. Hata hivyo nabaki na 1 kwa 40, kwa kuwa inatosha na haili kina cha sakafu bure.

Ipo sababu moja ya kugusa choo ambayo sibishani nayo. Dar es Salaam kibla iko karibu kaskazini kamili, na Waislamu wengi hawataki choo kinachotazama huko wala kukipa mgongo, hivyo choo kitazame mashariki au magharibi. Mara nyingi hilo halihitaji kuhamisha tundu; choo chenye trapu ya S, yaani kinachotolea uchafu chini sakafuni, hugeuzwa kikizunguka tundu lake, mradi umbali kutoka katikati ya tundu hadi ukuta mpya wa nyuma ulingane na choo unachonunua. Umbali huo hupimwa kutoka kwenye ukuta uliokwisha kubandikwa marumaru. Lipu, gundi na marumaru hula milimita 20 hadi 30, na kwa milimita hizo choo kipya huenda kikarudishwa dukani, kama duka litakubali.

Mengine yataka maneno machache. Marumaru hazizuii maji. Kinachozuia ni kizuia maji kinachopakwa chini yake na kupandishwa ukutani. Kijaribiwe kwa kuziba floo trapu, yaani tundu la kutolea maji sakafuni, na kuacha maji yamesimama saa 24 kabla ya kubandika chochote. Sakafu ya kuogea iwe na mteremko wa milimita 15 hadi 20 kwa mita, na hapo marumaru ndogo hukubali kuliko kubwa. Rangi chagua uipendayo.

Kwa bafu hili la Upanga, choo kitabaki kwenye kona yake, kikiegemea ukuta mrefu, katikati yake ikiwa milimita 400 kutoka ukuta wa pembeni, na mbele yake zitabaki milimita 800 hivi za kuweka miguu. Sinki dogo litafuata ukuta huo huo. Shawa itakaa dirishani, ambako floo trapu ipo tayari, ikipewa milimita 900 za urefu na upana wote wa chumba, ili katika kona ya huko lipatikane pia pahali pa pipa la maji ya akiba, kitu ambacho sijakiona katika picha yoyote ya Ulaya niliyotumiwa. Mlango utafunguka kwa nje.