Kabla Masika Hayajaingia: Kuandaa Wanyama wa Kituo cha Wanyamapori Dar es Salaam

Dar es Salaam haina theluji, ila ina masika ya Machi hadi Mei, na nyuma yake kipupwe, ambapo usiku wa Julai joto hushuka hadi nyuzi 18 au 19. Pofu, yule mnyama mkubwa wa jamii ya swala, akiwa porini na mvua ikimzidi, huhamia mwinuko na kujibanza kwenye kichaka kinachomkinga na upepo wa kusi. Aliye ndani ya uzio hana pa kwenda: atalala pale tulipomwekea, pawe pakavu au tope. Ndiyo maana kazi ya masika huanza Januari, mafundi wa paa wakiwa bado hawajagombewa na mji mzima.

Tuanze na maji. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Banda lenye paa la mita 6 kwa 10 likinyeshewa milimita 50 kwa siku, kiasi kisichoshangaza mwezi Aprili, humwaga lita 3,000. Paa likikosa mfereji wa bati, sehemu kubwa ya maji hayo huangukia mlangoni, hapo hapo kwato zinapopita kutwa. Sakafu ya mlangoni iinamishwe sentimita 2 kwa kila mita kuelekea mtaroni. Chimba na uondoe udongo wa juu uliochanganyika na samadi, kama sentimita 20, kisha weka kokoto kubwa chini, ndogo juu yake, na mchanga mnene sentimita 10.

Kosa tunaloliona mara nyingi ni kumwaga mchanga juu ya tope la zamani. Samadi hushika maji kama sifongo, na wiki haiishi tope limeshapanda juu. Kosa la pili ni kifusi cha ujenzi: ni cha bei nafuu, lakini kina misumari na vipande vya vigae, na jeraha moja la unyayo wakati wa mvua ni kazi ya mwezi mzima.

Ngozi iliyo kati ya kwato ikilowa siku nyingi hulainika na kupasuka. Bakteria wa kuoza kwato hustawi pasipo na hewa, na tope lililogandamana kwatoni ndilo makazi yao. Mtazame mnyama akiwa amesimama: akiinua mguu mmoja kila mara, au akila amepiga magoti, usingoje achechemee. Kwenye njia nyembamba ya kuingilia banda weka josho la miguu lenye zinki salfeti, kilo 1 kwa lita 10 za maji. Mrututu (kopa salfeti) nao hufanya kazi, lakini humdhuru mnyama akiunywa, hivyo hatuushauri.

Minyoo ni adui wa kimya. Yupo mnyoo anyonyaye damu kwenye tumbo la swala, pofu, mbuzi na kondoo, ambaye jike mmoja hutaga mayai 5,000 hadi 10,000 kwa siku. Kwenye joto na unyevu wa masika, yai huweza kuwa lava wa kuambukiza, aliyepanda kwenye majani, ndani ya wiki moja. Pima kinyesi mwishoni mwa Februari na urudie kila wiki tatu au nne hadi Juni. Kusanya kinyesi asubuhi kikiwa kibichi, kitie kwenye kasha la barafu na kisomwe siku hiyo hiyo, maana kwa joto la Dar mayai yataanguliwa njiani na hesabu itadanganya.

Kumkamata swala kwa ajili ya sindano ni hatari. Mbio na hofu huweza kuharibu misuli yake na kumuua siku kadhaa baadaye. Dawa ikichanganywa kwenye chakula, nayo ina mtego wake: dume mkubwa hula fungu la wote, wanyonge hupata dozi pungufu, na minyoo inayobaki hujenga usugu. Gawa chakula kwenye vihori vingi kuliko idadi ya wanyama, vikae mbalimbali kiasi kwamba dume hawezi kuvilinda vyote.

Chakula chenyewe kikae juu ya machaga, sentimita 15 kutoka sakafuni na mbali na ukuta. Mahindi yapimwe hivi: jaza theluthi ya chupa kavu ya kioo, ongeza vijiko viwili vya chumvi kavu, tikisa dakika moja na uache robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15, yaanike tena. Kwa kuhifadhi, lengo ni asilimia 13 kushuka chini. Mahindi yenye ukungu yasipewe mnyama yeyote, hata yakichemshwa, maana sumukuvu haiishi kwa kuchemsha.

Tumbili hulala juu, kwa hiyo kibanda chao kiwe juu na kiwe na milango miwili. Chenye mlango mmoja hukaliwa na dume mkuu pale mlangoni, na wa daraja la chini hulowa usiku kucha huku kibanda kina nafasi tele.

Kobe na chatu hutegemea joto la nje. Chatu akilishwa siku za baridi asipate joto la kusagia chakula, hutapika windo. Kobe alale kwenye sakafu kavu iliyoinuliwa, akiwa na taa ya kuota joto la nyuzi 30 hadi 32. Akitoa povu puani au kunyoosha shingo apate pumzi, mapafu yameshaingiliwa; aonwe na daktari siku hiyo hiyo.

Uzio ukaguliwe baada ya kila mvua kubwa, kwa sababu mchanga wa pwani huchimbwa na maji chini ya wavu. Matawi ya miembe na mikwaju yanayouinamia yakatwe Februari. Nyasi mbichi zikigusa nyaya za umeme za uzio hunyonya nguvu nyingi, hivyo pima volti mwisho wa waya, siyo karibu na mashine inayoutia umeme.

Wahudumu wavae gambuti na glavu, na panya wadhibitiwe stoo. Mkojo wa panya kwenye maji yaliyotuama hueneza homa ya mgunda (leptospirosis), ambayo mlipuko wake mkoani Lindi ulitangazwa Julai 2022. Mhudumu akipata homa baada ya kufanya kazi topeni, amtajie daktari kazi yake bila kuulizwa, maana dalili za mwanzo hufanana na za malaria na kipimo cha malaria hakiioni.