Maboya ya Bahari ya Dar: Tunayoambiwa na Ukweli Wenyewe

Kuanzia Kunduchi mpaka Kigamboni, kijana hukabidhiwa boti ya fiba akiwa anaijua injini barabara, lakini maboya anayajua kwa kusikia tu. Baadhi ya hayo anayoyasikia yanazamisha.

"Jekundu ni hatari, kijani ni ruhusa." Hii ya taa za barabarani ndiyo inayonitia hofu kuliko zote. Jekundu na la kijani ni kingo mbili za njia moja. Ukiingia bandari ya Dar es Salaam kutoka bahari kuu, jekundu liwe kushoto kwako, la kijani kulia. Ukitoka, mambo yanageuka: jekundu linakuwa kulia. Anayefuata kijani akidhani ndiko kwenye usalama anaweza kupita upande wake wa nje akapanda fungu la mchanga. Rangi ikipauka, tazama umbo au alama ya juu: jekundu ni pipa, kijani ni pia (koni) yenye ncha juu.

"Kanuni ni moja dunia nzima." Si kweli. Tangu makubaliano ya mwaka 1980 kuna kanda mbili. Afrika na Ulaya ziko Kanda A, kama nilivyoeleza. Bara la Amerika, Japani, Korea Kusini na Ufilipino ziko Kanda B, ambako jekundu huachwa kulia unapoingia. Kwa hiyo aliyejifunza kwa video ya Marekani amejifunza kinyume cha kwetu.

"La njano na nyeusi, pita popote." Hapana! Boya hili linasomwa kwa dira, na linakuambia upande wenye maji salama. Juu yake kuna pia mbili nyeusi. Ncha zote zikitazama juu, pita kaskazini yake. Zikitazama chini, pita kusini. Vitako vikikutana, pita mashariki. Ncha zikikutana, magharibi. Usiku hesabu mimweko ya taa nyeupe, nayo inakwenda kama saa ya ukutani: 3 ni mashariki, 6 ni kusini (ikifuatwa na mmweko mmoja mrefu), 9 ni magharibi. Kaskazini humweka mfululizo. Hili lingefundishwa kabla ya kumpa mtu usukani.

"Kila penye wekundu pana hatari." Boya la mistari ya wima, myekundu na myeupe, linasema maji ni salama pande zote. La kukwepa ni jeusi lenye mikanda myekundu na tufe mbili nyeusi juu.

"Maboya ni ya meli kubwa." Mlango wa bandari yetu ni mwembamba, na pantoni ya Magogoni na Kigamboni inaukatiza. Kanuni za kimataifa zinakataza chombo cha chini ya mita 20 kuizuia meli isiyoweza kupita salama ila ndani ya njia hiyo. Meli haisimami ghafla. Ukiyasoma maboya utajua itapinda wapi, nawe ukae ukingo wa kulia, au nje ya njia kama kina kinakutosha.

"Boya halihami." Limefungwa kwa mnyororo, na bamvua (maji makuu ya mwezi mpya na mwezi mpevu) hapa hupandisha na kushusha maji mita 3 hivi, kwa hiyo huzunguka. Mnyororo hukatika, taa huzimika. Linganisha na ramani na kipima kina, na usilifanye mahali pa kufunga boti. Ukikuta limezimika au limehama, wajulishe watu wa bandari siku hiyohiyo.