Ziwa la Kasoko ni Nini?

Ziwa la kasoko ni ziwa lililojaa ndani ya shimo lililoachwa na volkeno. Wengi huliita ziwa la kreta, na ni kitu kilekile. Wageni hushangazwa na uduara wake na rangi ya maji, lakini jambo la msingi ni kwamba limejifunga. Kingo zimelizunguka pande zote, na mara nyingi hakuna mto unaoingia wala unaotoka. Tabia zake nyingine nyingi zinatokana na hilo.

Shimo lenyewe hutokea kwa njia zaidi ya moja. Mlima unaweza kuacha kulipuka, mdomo wake ukapoa na kuziba, kisha mvua ikaujaza. Au kilele kizima hudidimia baada ya magma, yaani mwamba ulioyeyuka, iliyokuwa chini yake kumwagika. Ndivyo lilivyopatikana Ziwa Ngosi katika milima ya Poroto, Mbeya, na lile la Oregon, Marekani, lenye kina cha mita 594. Maziwa madogo zaidi huzaliwa kwa kishindo cha mvuke: magma ikipanda na kukutana na maji ya ardhini, maji hugeuka mvuke ghafla na kuupasua mwamba wa juu. Linabaki shimo lenye ukingo mfupi wa majivu na vipande vya mawe. Magharibi mwa Uganda, karibu na Fort Portal, kuna makumi ya mashimo ya aina hiyo, na mengi yamejaa maji.

Chala ndilo ziwa ninaloona linafundisha vizuri kuliko yote. Liko chini ya miteremko ya mashariki ya Kilimanjaro, mpaka wa Tanzania na Kenya unalikata, eneo lake ni kama kilomita za mraba 4 tu, na kina chake kinapita mita 90. Nyika inayolizunguka ni kavu, mvua inayoliangukia ni ndogo kuliko maji yanayopotea kwa jua, na bado halikauki. Sehemu kubwa ya maji yake ni mvua iliyonyesha juu katika msitu wa mlima, ikazama ardhini na kusafiri ndani ya miamba mpaka ziwani. Mengine huondoka ziwani kwa njia hiyohiyo ya chini, na ndiyo maana Chala ni maji baridi, yasiyo na chumvi. Pale ambapo maji hayana pa kutokea ila kuwa mvuke, chumvi hubaki na kujilimbikiza: Empakaai, kule Ngorongoro, ni ziwa la magadi linalovutia heroe, na Katwe nchini Uganda watu huvuna chumvi.

Kwa kuwa kingo hukinga upepo na kina ni kirefu, maji ya ziwa kama hili hayachanganyiki kwa urahisi. Ya juu yenye joto hukaa juu, ya chini hubaki baridi bila hewa. Huko Chala, kusi inapovuma katika miezi ya kiangazi, sehemu ya juu hupoa, maji huvurugika hadi chini zaidi, na virutubisho vilivyokuwa vimezama hupanda. Mwani wenye maganda ya silika, madini yanayotengenezewa kioo, hustawi, hufa, na maganda yake hutua chini kama utando mweupe. Msimu wa mvua huweka juu yake utando wa rangi nyeusi. Jozi moja ya tando hizo, ambayo unene wake ni kama milimita moja, ni mwaka mmoja. Mwaka 2016 watafiti walitoboa zaidi ya mita 200 za mashapo hayo na kupata kumbukumbu ya hali ya hewa ya takriban miaka 250,000. Kwa eneo la Ikweta, hiyo ni hazina adimu mno.

Utulivu huohuo unaweza kuua. Katika Ziwa Nyos nchini Kamerun, gesi ya kaboni dioksidi kutoka chini ya ardhi ilijilimbikiza kwa muda mrefu katika maji ya kina yasiyovurugika. Tarehe 21 Agosti 1986 ilifumuka ghafla, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, ikateremka mabondeni na kuua watu wapatao 1,700 pamoja na mifugo yao. Kuanzia mwaka 2001 mabomba yamewekwa ziwani kuitoa gesi kidogokidogo.

Mazingira ya kando nayo si pambo. Mvua inayotiririka juu ya ardhi hadi ziwani hutoka ndani ya ukingo tu, kwa hiyo miti ya mteremko ule ndiyo inayozuia udongo. Ikikatwa, udongo huporomoka moja kwa moja majini, na hakuna mto wa kuuondoa. Ndiyo maana msitu mdogo wa hifadhi uliolizunguka Ziwa Duluti, karibu na Arusha, una thamani kubwa kuliko ukubwa wake, hasa kwa vile nje yake ni mashamba na makazi.

Na viumbe wa humo hawana pa kukimbilia. Chala kuna perege wake, anayejulikana kisayansi kama Oreochromis hunteri, asiyepatikana kiasili penginepo duniani. Watu wameingiza humo aina nyingine za perege, na sasa mwenyeji huyo anapaswa kugombea chakula na mahali pa kuzalia ndani ya shimo lilelile.