Je, wajua kwa nini vidume vya tumbili vinapenda mieleka kuliko vijike?

Kwetu Konde huku Pemba ukilinda muhogo asubuhi tumbili utawajua tu, mana wao hawakosi. Nlipokuwa mdogo nlikuwa nakaa na ami kwenye dungu tunawasubiri, na kitu alichonionesha ambacho mpaka leo sijakisahau ni vitoto vyao. Wakubwa wanakula, vidogo vinacheza, kuna vile vinavopigana mieleka, vinang'atana, vinaangushana kutoka tawini, alafu kuna vyengine kazi yao kugombania kumbeba kichanga cha mwenzao. Ami akisema wale wapiganaji wengi ni vidume na wale walezi wengi ni vijike. Nikamuuliza, ami, nani kawafunza? Akanambia mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Lakini jawabu ile haikunitosha, kwani mama tumbili gani anomwambia mwanawe wewe mwanamme usilie?

Basi jawabu kubwa limo tumboni, kabla hata hajazaliwa. Mimba ikiwa changa, wa kiume na wa kike hawana tofauti ya kuonekana, wote wana tezi zile zile ambazo bado hazijaamua. Ikiwa ana kromosomu ya Y (kile kipande cha urithi anachokipata kwa baba) tezi zinageuka korodani, na kwa binaadamu hapo kwenye wiki ya 8 hivi zinaanza kutoa testosteroni, yani ile homoni ya kiume. Homoni hii inatembea na damu mpaka kwenye ubongo, inaingia ndani ya seli, inawasha jeni fulani na kuzima nyengine, na kwa hivyo kuna seli zinabaki hai ambazo zingekufa na kuna nyuzi zinaungana ambazo zisingeungana. Kwa panya kuna kifundo kidogo cha seli chini ya ubongo ambacho kwa dume ni kikubwa mara kadhaa kuliko kwa jike, na ukimpa jike testosteroni wakati wake, kifundo chake nacho kinakua.

Waliofungua mlango huu ni watu wanne wa chuo cha Kansas kule Marekani, Charles Phoenix, Robert Goy, Arnold Gerall na William Young. Mwaka 1959 waliandika kwamba waliwapa testosteroni simbilisi wenye mimba (wale wanyama wadogo wasio na mkia), na watoto wa kike waliozaliwa walipokua wakawa na tabia za kidume. Alafu Young, Goy na Phoenix wakahamia kwa kima wa resasi, wale wa Asia, ambao ni ndugu wa karibu na sisi kuliko simbilisi, na huko vijike vilivopata homoni tumboni vikacheza mieleka zaidi ya vijike vyengine.

Lakini kilichonishika mimi ni kazi ya Goy na wenzake ya mwaka 1988. Kima wa resasi anabeba mimba kama siku 165 hivi. Wao wakawapa kima wenye mimba homoni ile kwa nyakati mbili tafauti, kundi moja mapema, siku ya 40 mpaka 64, na kundi jengine mwishoni, siku ya 115 mpaka 139. Watoto wa kike wa kundi la mapema walizaliwa na maumbile ya nje kama ya dume kabisa, ungemuona ungesema dume, lakini kwenye mieleka hawakuzidi vijike wengine. Wale wa mwisho ndo maajabu, kwa nje ni jike kamili, lakini mieleka juu! Yani mwili una saa yake na ubongo una saa zake, na hata ndani ya ubongo kila tabia na wakati wake, kwa hivyo ile fikra ya swichi moja tu, washa awe dume zima awe jike, haipo.

Na malezi nayo yamo, ami hakukosea. Dume la kima likilelewa bila ya nafasi ya kutosha kuwa na wenzake, tabia ya kupanda wenzake kama madume wanavofanya haikui vizuri ingawa homoni alizipata zote. Mieleka ndo ngumu kufutika, inatokea karibu kila namna ya malezi.

Mwaka 2002 pia kuna Gerianne Alexander na Melissa Hines waliwapa tumbili vitu vya kuchezea, madume wakashika zaidi mpira na gari, majike mwanasesere na sufuria. Watu waliishabikia sana hii lakini mimi naipokea nusu, mana tumbili hajui kupika, sufuria kwake ni kitu gani? Na pale hakuna aliyepima homoni za tumboni.

Kwa binaadamu hatuwezi kumdunga mama mjamzito homoni tukaangalia, haramu na unyama. Ila wapo watoto wa kike wanozaliwa na maradhi ambayo tezi zilizo juu ya figo zinatoa homoni za kiume kupita kiasi tangu tumboni. Wengi wao wanapenda michezo ya nguvu na vitu vya kuchezea vya wavulana kuliko wenzao, na wengi wanakua wanajiona ni wanawake tu kama wengine. Hili linanigusa kwa sababu nimeshaona mama akisemwa mtaani eti kamlea vibaya bintiye kwa kuwa anashinda kiwanjani na mpira. Na hata asiye na maradhi yoyote, hizi zote ni hesabu za wastani. Pale shamba kulikuwa na kijike kimoja chenye mkia uliokatika, kikiwaangusha vidume vyote, na ami mwenyewe ndo alikuwa akikishangiria.